Migomba Myeupe ya Mama

Kaka yangu mkubwa alitangaza kwamba kibanja cha Mama, shamba lake la migomba, kimekufa. Migomba imechoka, alisema, tuikate yote tupande mikaratusi. Tangu Baba afariki yeye ndiye msemaji wa nyumba, na akishasema, ameshasema. Mama aliendelea kumenya ndizi. Aliletwa hapa kijijini Kamuli kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake, na kila mgomba unaozunguka ile nyumba aliuchimbia shimo kwa mikono yake mwenyewe. Nikajibu mimi, kwa sauti iliyowatoa kuku jikoni. Kaka akacheka.

"Basi njoo upige picha ya ukumbusho, halafu tukate."

Ukumbusho! Neno lile linanikera mpaka leo.

Nina studio ndogo mjini Kayanga, ya picha za pasipoti na harusi. Simu zimeninyang'anya wateja, nami badala ya kufunga mlango nikarudi kwenye kamera ya filamu, kwa ukaidi tu. Mteja mmoja aliyetoka ng'ambo aliniletea filamu mbili za infraredi, za nyeusi na nyeupe. Filamu hiyo hunasa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Majani mabichi huurudisha kwa wingi, kwa hiyo hutoka meupe. Anga la buluu halina mwingi, kwa hiyo hutoka jeusi. Wenzangu wa kazi walisema nimechanganyikiwa. Nikaapa kwamba nitaanza na kibanja cha Mama.

Maelekezo yalitaka filamu iingizwe kwenye kamera gizani kabisa. Kwetu, giza la kuaminika ni la shimo la kuivishia ndizi: likishafunikwa majani ya mgomba, humo ndani huoni hata kidole chako. Nikalala kifudifudi, mikono shimoni hadi mabegani, Mama akanipangia majani mabichi juu, tabaka kwa tabaka, huku akinicheka. Nikapapasa hadi filamu ikakaa. Nikapiga picha zote, nikarudi studio kusafisha. Filamu nzima ilikuwa imeungua kwa mwanga.

Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira, na katika kulia huko ndipo nikaelewa. Mwanga ule ambao jani huurudisha, mwingine hupenya ndani yake ukapita. Macho yangu yaliona giza, lakini kwa filamu ile shimo la Mama lilikuwa limewashwa taa.

Filamu ya pili niliiingiza kwenye stoo ya studio, ya matofali, isiyo na dirisha. Kaka alikuwa ameshawaita vibarua waje na mapanga Jumamosi, na filamu nyingine sikuwa nayo. Nikafika Kamuli jua la utosi, saa ambayo wapiga picha wengine hukimbilia kivulini. Nikamsimamisha Mama katikati ya migomba, nikailenga kamera kwenye stendi yake, kisha nikafunga mbele ya lenzi kioo chekundu kilichokolea hadi kinakaribia weusi, kinachozuia mwanga wa kawaida na kupitisha ule usioonekana. Ukichungulia huoni kitu. Kaka alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni.

"Mdogo wangu, umesahau kutoa kifuniko."

"Sijasahau."

"Sasa unapiga kitu usichokiona?"

"Mimi nakiona, Kaka. Asiyekiona ni wewe."

Jumamosi asubuhi vibarua walikuwa uani wakinoa mapanga. Nikawaamkia wakubwa shikamoo, nikapita moja kwa moja, nikaiweka picha mapajani kwa Mama. Migomba ilikuwa myeupe pe, jani kwa jani, na juu yake anga jeusi kama sufuria la maharage. Mama aliutazama uso wake, nao ulikuwa umetoka mweupe.

"Eh! Umenifanya mzungu!"

Kaka akainama juu ya bega lake. "Si nilisema? Imekauka yote. Weupe mtupu, kama mifupa."

Hapo ikanipanda. "Hujui unachokitazama," nikamwambia, mbele ya vibarua wake. "Jani bichi ndilo linalong'aa hivyo. Tazama haya makavu yaliyoning'inia chini, yamefifia, ya kijivu. Ni machache, na hata mimi ningeyapunguza. Mengine yote ni mazima."

Mama akaniuliza polepole, "Kwa hiyo penye weupe ndipo penye uhai?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hapa peusi?"

"Hapo hapana jani hata moja."

Akainuka. Akamsogezea Kaka picha karibu na uso, akagandamiza kidole kwenye anga.

"Basi kata hapa."

Kaka alitazama picha, akatazama juu, akatazama tena picha. Kibarua mmoja akaangua kicheko, wenzake wakafuata. Mama akawapikia uji, wakanywa, wakaondoka na mapanga yaliyonolewa bure.

Picha iko ukutani sebuleni. Mgeni akiuliza kama ni ukumbusho wa kibanja cha zamani, Mama humshika mkono akamtoa nje, akamsimamisha kivulini mwa migomba yake.