Injini Nne za Bienaimé Kwenye Korido ya Saint-Gilles

"Papa Bienaimé, hii korido ni ya batu ao ni ya mafuta?"

Jumapili, saa sita mchana. Maman Rolande, fundi cherehani wa chumba cha chini, ametoka soko la Midi hapa Brussels, na kigari chake kimekwama mbele ya injini nne zilizopangwa ukutani.

"Maman, mardi zinatoka."

"Mardi ya mwezi gani? Bon, miye naita msimamizi wa jengo."

Milango miwili ya juu imeshafunguka. Ugomvi wa ngazini hapa haukosi wasikilizaji.

Bienaimé Bisimwa, 51, makanika mzaliwa wa Bukavu, anafuta mikono. Jumanne, hiyo mardi yake, walimu wa chuo cha ufundi watakuja hapa kumtazama akifundisha kwa dakika ishirini. Wakimkubali, ataacha kubadilisha matairi kwa euro 1,850 kwa mwezi, awe mwalimu. Injini zikiondolewa leo, hana cha kuwaonyesha. Kwake ni ghorofa ya nne, na lifti hakuna.

Injini hizo ni za ukoo mmoja, zote za silinda nne. Mkubwa wao ni wa cc 1,300, mwenye kabureta. Akafuata wa 1,500, kisha wa 1,600 aliyeongezewa vali hadi kumi na sita. Kitinda mimba, wa 1,800, ana bloku ya aluminiamu.

"Wenye kuzitengeneza hawakuanza upya," anasema. "Kila mara waliongeza kidogo, wakarekebisha kidogo. Sura ikabakia ile ile."

Sura hiyo ndiyo iliyomponza. Akiwa kijana kule Bukavu, alifunga gasketi, kizibo bapa cha kati ya bloku na silinda hedi, ya 1,300 kwenye injini ya 1,500 ya mteja. Boliti zote ziliingia. Gari likachemka kabla ya kufika Kavumu, silinda hedi ikapinda. "Bosi alinifukuza mbele ya ba client bote. Nilitembea na miguu mpaka nyumbani."

"Alors, kama zinafanana hivyo, utafundisha nini?" Rolande anamchokoza.

Bienaimé anakohoa, anaanza Kifaransa alichokariri wiki nzima.

"Acha ile française ya kanisa. Nionyeshe tu."

Anampa gasketi mbili, ya 1,300 juu ya ile ya 1,500. Rolande anaziinua kwenye mwanga wa mlango. Matundu ya boliti yanapitisha mwanga yote. Tundu moja la pembeni limebaki jeusi.

"Pale maji ya kupoza injini ilipaswa kupita," anasema Bienaimé. "Ya 1,300 imefunga njia."

Rolande anapitisha kidole kwenye tundu lililoziba. "Ni kama patron ya robe, ile karatasi ya kukatia nguo," anasema. "Mabega inalingana, ukifika kifua inakataa."

Bienaimé anaokota penseli na kuyaandika maneno hayo kwenye boksi. Jumanne ataanza na hayo, na Kifaransa cha kukariri atakiacha juu. Anataka kufundisha vijana wanaofika Brussels na ufundi mikononi lakini bila cheti. Tayari anamtafuta ndugu wa tano wa injini hizi, yule anayesaidiwa na mota ya umeme.

"Utawaambia ile maneno ni ya Maman Rolande," anaonya jirani.

"Nitawaambia. Na msimamizi wa jengo?"

"Nitamwita mercredi, kesho yake ya mardi." Rolande anainua kigari na kukipitisha juu ya injini ya 1,300, anasukuma mlango wake. Harufu ya sombe ya majani ya muhogo na ndagala inajaa korido, inashinda ya mafuta. "Nawa mikono mara mbili, Papa. Ingia tukule."