Nafasi ya Chetezo cha Asho Dualeh

Pasipoti ya Asho Dualeh ilitolewa Nairobi tarehe 21 Septemba 1981, mwenyewe akiwa na miaka hamsini na miwili. Kabla ya safari ya kwenda kuichukua, hakuwahi kupita Nanyuki. Hata hivyo, kwa miaka kumi hivi hakuna mtu aliyetoka mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, kwenda ng'ambo bila kupitia kwake.

Watu humwendea kwa sababu ana vitu. Ana sutikesi ya ngozi yenye vifungo viwili, kimoja kikiwa kamba. Ana kabuti la marehemu baba yake, askari wa zamani wa KAR, jeshi la wakoloni, zito kama kondoo aliyenyeshewa. Ana saa ya mezani yenye kengele, atlasi ya shule isiyo na jalada, na jozi ya viatu vyeusi vinavyomtosha kila mtu kwa kuwa ni vikubwa kuliko miguu ya kila mtu. Humwazima Msomali, Mborana na Mmeru bila malipo. Anayekwenda Jeddah katika joto la kiangazi hupewa kabuti sawasawa na anayekwenda Ulaya.

"Ng'ambo ni ng'ambo," Asho huwaambia. "Baridi haikuulizi unakwenda wapi."

Sharti lake ni moja. Msafiri akirudi, anafika kwa Asho kabla hajafika kwake. Anarudisha vitu, anapewa chai ya maziwa, na anaeleza safari nzima mbele ya majirani: aliulizwa nini, alijibu nini, alilala wapi, alikula nini. Mkewe atangoja. Maelezo hayo ndiyo anayopewa msafiri anayefuata kama mashauri, na Asho huyasimamia kama sheria.

Mpango huu una kasoro moja. Mtu aliyetoka ng'ambo, amezungukwa na majirani, kikombe mkononi, hasemi kwamba alipotea uwanjani au kwamba alilia chooni. Mwalimu Zachary alirudi kutoka kozi huko India mwaka wa 1974 akaeleza kwamba maofisa wa uwanja wa ndege hutazama mikono: anayebeba sutikesi kwa mikono miwili amejitangaza kuwa mzigo wake umezidi. Tangu hapo wasafiri wa Wabera hufanyishwa zoezi. Wanatembea kutoka msikitini hadi kituo cha mafuta, sutikesi imejaa, mkono mmoja, uso mkunjufu. Mji hujua nani anasafiri kwa kumwona anatembea kaegemea upande. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe naye aliapa kwamba choo cha ndege hufunguliwa ikiwa juu ya bahari tu. Asho akapiga marufuku chai kuanzia siku ya kabla ya safari.

Shauri lililokuja kumbana yeye mwenyewe lilitoka kwa Warfa, mtoto wa kaka yake, mtu mnene mwenye lori. Mwaka wa 1977 Warfa alikwenda kumtembelea ndugu yake Cardiff, mji wa bandari wa Uingereza ambako mabaharia wa Kisomali wameishi tangu enzi za mababu. Asho alimpa chetezo cha udongo, kipya, ampelekee binamu yake huko. Hakikufika. Warfa alieleza kwamba watu wa forodha huweka mezani kila kitu cha udongo na kukipiga nyundo, waone kama ndani kumefichwa dhahabu.

"Nyundo ndogo, eedo," alimwambia shangazi yake. "Ina mpini mwekundu."

Mpini huo ndio uliowafanya watu waamini. Asho akaweka sheria: udongo hausafiri.

Sasa Halimo, binti yake wa pekee, aliyeolewa Cardiff, anatarajia mtoto wake wa kwanza mwezi wa Novemba. Katika familia hizi mzazi hufukiziwa ubani kwa siku arobaini, na chetezo kinachotumika hakichaguliwi sokoni. Cha Asho kilifinyangwa na mama yake. Kilifukiza alipozaliwa Asho, kikafukiza alipozaliwa Halimo. Ubani Halimo anaweza kuupata popote, lakini chetezo hicho kimoja tu ndicho alichomwomba mama yake.

Jumapili iliyopita alasiri ndiyo iliyokuwa siku ya kupima mzigo. Kobia, Mmeru anayenunua ngozi karibu na soko, alileta mizani yake ya ndoano akaifunga kwenye boriti ya baraza. Majirani walikuwa wameleta vifurushi vyao tangu asubuhi, kwa kuwa Wabera hakuna anayeweza kukataa kifurushi cha jirani: miswaki, hina, kanzu ya mtoto ambaye huenda sasa ana ndevu. Warfa alileta mkebe wa nyirinyiri, nyama iliyokaangwa na kufunikwa kwa samli, wa kupelekewa ndugu yake. Sutikesi ilitundikwa, ikazunguka polepole, ikatulia.

"Kilo ishirini," alisema Kobia. "Lakini usinitake dhamana, Mama Halimo. Hii mizani imezoea ng'ombe."

"Ishirini ndiyo ruhusa ya ndege. Teremsha."

Nurto, mke wa Warfa, alikuwa akikitazama chetezo. Kilikuwa juu ya kigoda, peke yake, kimepanguswa majivu.

"Eedo, na hicho?"

"Hicho kinabaki. Mumeo alituambia kitakavyofanywa."

Nurto alimtazama mumewe. Warfa aliitazama boriti. Mazungumzo yalihamia kwenye bei ya ngozi na yangebaki huko, lakini Asho alikuwa bado anafikiri.

"Kobia, nenda kwa lori la Warfa uniletee nyundo."

"Nyundo ya nini, mama?"

"Si watakivunja? Basi nitakivunja mimi, hapa nyumbani, kwa bismillahi. Vipande nitavifunga kwa leso. Halimo ataviunganisha huko kwa gundi. Mzungu akifungua leso atakuta kazi yake imeshafanywa."

Kwa kufuata sheria zake mwenyewe hoja hiyo haikuwa na kosa. Kobia alileta nyundo. Asho aliipima mkononi.

"Warfa, yao ilikuwa kubwa kama hii?"

"Ndogo, eedo. Ndogo kidogo."

"Walipiga juu au ubavuni?"

"Ubavuni."

"Una kumbukumbu nzuri, mashallah. Njoo ukishike basi, nikipige ubavuni."

Warfa alikishika kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka hadi kwenye ndevu. Asho alisema bismillahi akainua nyundo.

"Alikikalia!" Nurto alipiga kelele. "Alikikalia Nanyuki!"

"Nurto!"

"Nurto nini? Nilikuwa hapo! Alikiacha kwenye kiti cha lori akashuka kunywa soda, akarudi akakaa! Vipande tulivitupa kwa mtaro. Miaka minne nimefunga mdomo, na sasa unataka avunje cha bibi yako? Na huo mpini mwekundu ni wa kisu changu cha vitunguu!"

Kobia alicheka mpaka akalazimika kuning'inia kwenye mizani yake mwenyewe, ambayo kwa muda ilionyesha uzito wake mbele ya watu. Mwalimu Zachary, aliyekuwa ameketi karibu na lango, alikumbuka kwamba ana madaftari ya kusahihisha. Warfa alibaki amekikumbatia chetezo, hajui akiweke wapi.

"Kiweke popote," alisema Asho, "ila kwa kiti."

Ni hapo tu watu walipoona kwamba nyundo alikuwa ameishika kwa upande wa chuma, mpini wake wa mti ukielekea chetezo. Alipoulizwa baadaye kama alijua tangu mwanzo, hakujibu moja kwa moja.

"Mtu akirudi kutoka ng'ambo bila uongo hata mmoja, hakufika," alisema. "Ule mwingine nauacha, ndiyo bei ya chai yangu. Huu ulikuwa umekaa mahali pa chetezo cha mama yangu."

Lakini sutikesi ilikuwa na kilo ishirini, na chetezo hakikuwa bado na mahali. Asho aliifungua. Hakugusa hina ya jirani wala kanzu ya mwenye ndevu. Aliingiza mkono chini kabisa, akatoa mkebe wa nyirinyiri, akampa Warfa.

"Eedo, tafadhali! Ndugu yangu ameingoja hiyo nyama mwaka mzima!"

"Mwambie forodha waliipiga nyundo."

Chetezo kilifungwa kwa leso, kikawekwa pale mkebe ulipokuwa, na Kobia akapima tena. Mizani ilisimama chini kidogo ya ishirini. Nafasi iliyobaki Asho aliijaza ubani.

Mashauri mengine hajayafuta. Ameshatembea kutoka msikitini hadi kituo cha mafuta kwa mkono mmoja, akipumzika mara tatu, na Jumanne hatakunywa chai. Anasema mwalimu Zachary hakutia mpini mwekundu katika maelezo yake, kwa hiyo huenda alisema kweli. Kabuti atalivaa.

Jumatano asubuhi anaondoka Isiolo kwa lori la Warfa kwenda kupanda ndege Nairobi. Chetezo kimetolewa tena sutikesini kwa ajili ya sehemu hiyo ya safari, na hakitarudishwa humo hadi uwanja wa ndege. Warfa ataendesha. Nurto atakaa katikati yake na Asho, chetezo mapajani, na Nanyuki hakuna atakayeshuka.