Miayo Kabla ya Kipandauso

Kliniki nzima tulimwita Mama Daftari, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa mtafiti wa kipandauso, yale maumivu yanayoshika upande mmoja wa kichwa mpaka mtu akachukia mwanga, akatapika. Aliyajua tangu utotoni. Mama yake alikuwa akijifungia chumbani, pazia limeshushwa, kitambaa kibichi machoni, huku mashangazi sebuleni wakinong'ona kwamba wifi yao anajidekeza. Binti alitembea kwa ncha za vidole, akaapa kimoyomoyo kwamba siku moja atawafunga midomo.

Akasoma mpaka akawa daktari bingwa wa ubongo. Jambo la kwanza alilofanya ni kumkataza mama yake kula chokoleti, kwa kuwa wagonjwa wengi walisema waliila kabla ya kichwa kuwaanza. Akachapisha hata karatasi ya onyo, ikabandikwa mlangoni mwa kliniki.

Miaka ilipita, akaanza utafiti wake mkubwa: wagonjwa mia mbili na sitini, kila mmoja na daftari, kila saa aandike anavyojisikia. Mmoja wao alikuwa mshonaji nguo, mwanamke wa maneno mengi.

"Daktari, hili daftari lina wivu kumshinda mume wangu," alisema alipolirudisha. "Kila saa linataka kujua niko wapi!"

Ndani yake Mama Daftari alikuta hivi: saa nne, napiga miayo tu. Saa sita, nina hamu ya chokoleti, nimejizuia. Saa tisa, kichwa.

"Hukuila kabisa?"

"Hata kipande. Si ulinikataza mwenyewe?"

Akapekua madaftari yote, wiki tatu, miwani ikimteleza puani. Kwa wengi mambo yalikuwa yaleyale. Chokoleti haikuleta kipandauso. Kipandauso ndicho kilicholeta miayo na hamu ya chokoleti. Ubongo ulikuwa umeshaanza kuugua saa kadhaa kabla ya maumivu.

Mkuu wa idara akamshauri, "Toa matokeo, ila ile karatasi yako usiitaje. Nani anaikumbuka?"

"Wagonjwa. Wanaisoma kila siku."

Mkutanoni, mbele ya madaktari wenzake, neno lake la kwanza lilikuwa "Nilikosea." Mimi, msaidizi wake, ndiye niliyetokwa jasho.

Jumamosi akaenda kwa mama yake. "Nisamehe, Mama. Miaka kumi na moja nimekunyima bure."

Bi mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Loo! Na mimi napita dukani nimegeuza uso, kama tumegombana nayo!" Kisha akatulia. "Ungenikataza hata chumvi, mwanangu, ningekutii. Nyumba ile, wewe peke yako uliamini kwamba naumwa."

Mama Daftari alilia kama mtoto.

Siku hizi anawafundisha wagonjwa kuzitambua dalili za mwanzo, wanywe dawa mapema. Si wote wanaopona, naye huwaambia waziwazi. Mshonaji amepata nafuu. Hajalazwa kitandani na kichwa tangu mwezi wa tatu. Na sasa Mama Daftari anazunguka mashuleni, akiwatafuta watoto wanaoumwa kichwa ambao walimu wao huwaita wavivu.