Ukoo wa mume wangu ulibatilisha ndoa yetu kwa sababu ya jembe kuukuu

Wakuu, heshima kwenu. Mwenye chai aishike mkononi, uzi huu utaipoza. Yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu.

Mimi ni wa Heru Juu, hapa Kasulu. Niliolewa Kibondo na mfanyabiashara wa maharage. Ndoa ya kanisani, na kwaya, na keki, na cheti. Tukapata binti, Anjela, sasa yuko darasa la pili.

Mwaka jana Baba Anjela akapata mapenzi mapya mjini Kibondo. Hongera zake.

Shida ni kwamba bibie alitaka ndoa, hakutaka kuwa nyumba ndogo. Na Baba Anjela hakutaka hata kulisikia neno talaka. Ni mzee wa kanisa bwana, talaka ingemchafua.

Ndipo akaibuka baba yake mdogo, mwanasheria wa ukoo. Chuo alichosomea hakijulikani, ila hajawahi kushindwa kesi hata moja aliyoisikiliza mwenyewe kilabuni kwenye pombe ya ndizi.

Mzee akafukua mambo ya posa. Kwetu mahari bila jembe haijakaa sawa, na jembe linatakiwa jipya. Sasa siku ile upande wao walileta jembe lililokwisha kulima. Wazazi wangu waliliona, wakanyamaza, wakalipokea. Wageni walishakaa, nani aanze ugomvi?

Hoja ya mzee ikawa hivi: jembe lilikuwa kuukuu, kwa hiyo mahari haikukamilika, kwa hiyo ndoa haijawahi kuwepo.

Yaani wakosee wao, nibatilishwe mimi! Kichwa kama kile kinapotea bure kijijini, kingekuwa Dodoma kinatunga sheria.

Wakati huo mimi na Anjela tulisharudi kwa wazazi wangu. Mzee na Baba Anjela wakaja Heru Juu na bodaboda kulichukua jembe lao. Mama akawawekea viti. Mzee akasimama, akakohoa kihakimu.

"Tumeshaibatilisha. Hiyo ndoa haikuwepo na haipo."

Nikamuuliza, "Baba, na Anjela je? Amezaliwa kwenye nini?"

"Huyo ni mtoto wenu. Atumie jina la huku."

Anjela alikuwa mlangoni, anasikia kila kitu.

Mpaka pale nilikuwa nacheka kimoyomoyo, lakini hiyo iliniuma, jamani. Mume akitaka kuondoka aende salama. Ila binti yangu afutiwe baba kwa ajili ya jembe walilolichagua wenyewe?

Baba Anjela alikuwa anaangalia simu yake. Nadhani mtandao ulikuwa unasumbua.

Mama akawajibu taratibu kwa Kiha chetu, "Ego, ndiyo, nimesikia. Ila jembe liko shambani kwenye mihogo. Nikimaliza kupalilia nitawaita." Hawajaitwa mpaka leo.

Baba Anjela akarudi Kibondo, akafunga ndoa ya serikali, na kwenye fomu akajaza kwamba hajawahi kuoa. Picha akazimwaga status. Suti ya bluu, na ilimpendeza, sitaki kusema uongo.

Mimi nikaenda kwa msaidizi wa sheria mjini Kasulu. Akanisaidia kupeleka ombi, mahakama itamke: nina ndoa au sina? Na huyo mwenzangu wa Kibondo ana nini?

Siku ya kusikilizwa, mzee alilieleza lile jembe kwa hisia kali, karibu alie. Hakimu, mama mmoja mpole, akamwacha amalize.

"Mzee, hawa walikubaliana wenyewe kuoana?"

"Ndiyo."

"Mbele ya kasisi na mashahidi?"

"Ndiyo mheshimiwa, ila jembe..."

"Jembe liache kwanza, mzee."

Kisha akatueleza, nami nawapa nilivyoelewa. Talaka inavunja ndoa iliyokuwepo. Kubatilisha ni kusema ndoa ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na hiyo ni kazi ya mahakama kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, kwa mfano mmoja kukataa katakata tendo la ndoa. Mahari yenye kasoro haibatilishi ndoa. Na hata mahakama ikibatilisha, mtoto aliyezaliwa humo anabaki mtoto halali.

Halafu akatamka. Ndoa yangu ni halali na iko hai. Iliyo batili ni ile ya suti ya bluu, kwa sababu aliyeoa kikristo hawezi kuoa mwingine kabla ya ile ya kwanza kuvunjwa kisheria.

Mzee alikuja kubatilisha ndoa, na kweli ikabatilika moja. Msiseme hakufanikiwa.

Yule dada wa Kibondo namwonea huruma, wallahi. Alidanganywa kama mimi.

Mnaouliza kama nimerudiana naye: hapana. Wiki iliyofuata nilianza taratibu za talaka, kwa kupitia baraza la usuluhishi kama inavyotakiwa. Msaidizi wa sheria akashangaa, mbona nimepigania ndoa halafu naivunja?

Nikamwambia nataka Anjela akikua akute imeandikwa kwamba wazazi wake walioana, kisha wakaachana. Siyo kwamba hawakuwahi kuoana.

Somo langu ni dogo: ukiambiwa ndoa yako imebatilishwa, uliza imebatilishwa na nani. Wanasheria wa humu nirekebisheni nilipoteleza, na wale wa ukoo wa mume wangu mnaosoma kimyakimya, karibuni mchangie.

Jembe bado linalima vizuri.