Ubani wa Makaburi ya Bawshar

Kila nikisikia harufu ya ubani unaofuka, nayaona yale makaburi ya kale chini ya mlima wa Bawshar, malundo ya mawe ambayo hakuna aliyejua ya nani. Tulikuwa wageni, tumevuka bahari kutoka Unguja mikono mitupu. Kila Alkhamisi alasiri mama alikuwa akipeleka chetezo cha ubani pale.

"Wifi, hao walikufa kabla ya Uislamu," shangazi alimkemea siku moja. "Unawafukiziani?"

"Mamangu nimemwacha kaburini Unguja. Nnaomba na huko apite mtu asiyemjua, amfukizie."

Shangazi alichuchumaa juu ya mawe yenye moto wa jua, akakivuta chetezo karibu.

"Na mwanangu nimemzika huko," alisema. "Tia na chembe yake."