Pacha Aliyebaki na Tanuri

Pacha wale wawili walipata riziki yao kwa hamira, kila mmoja kwa njia yake. Mmoja aliichungulia kwa darubini chuo kikuu. Mwenzake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mikate ingawa hakuwa na mtoto, aliitumia kukandia unga tangu baba yao alipopooza na kumwachia tanuri. Miaka yote hiyo hakuwahi kulala nje ya nyumba ile. Maisha hayo yalimchosha, na kila mtu alimsifu kwa uvumilivu, kana kwamba kuna aliyemuuliza.

Sasa hoteli ya mji wa mbali ilimtaka awe mwokaji mkuu, na pacha wake alikuwa nyumbani kwa likizo ndefu. Mama Mikate alikuwa akipaka mafuta vyombo vya kuokea, akitafuta pa kuanzia kumweleza, pacha wake msomi akazama kwenye simulizi za masomo yake.

"Zamani za kale, kabla hakujawa na mti wala mnyama, jeni nyingi, yale maagizo ya urithi, zilijirudufu ndani ya seli, kila moja ikawa mbili. Moja ikabaki na kazi ya zamani, ya pili ikapata nafasi ya kujaribu mapya. Ndiyo sababu mojawapo seli zetu zina mitambo mingi hivi. Hata hamira yako hiyo."

"Na ipi ndiyo ya asili?"

"Hakuna, zinafanana kabisa. Inayowahi kupotoka ndiyo inayokuwa huru. Nyingine ndiyo basi tena, ikiacha kazi seli inakufa."

Mama Mikate akaacha kupaka. "Kumbe ni suala la nani kawahi!" Akamwaga yote, hoteli na hamu yake ya kuondoka. "Nishikie baba, dada. Nimechoka."

"Nenda zako! Mbona hukusema siku zote?"

Siku ya safari Mama Mikate alisimama na begi mlangoni mwa chumba cha mgonjwa. Tangu jana pacha wake ndiye aliyeshika kijiko cha kumlisha baba, na tangu jana mzee alikuwa amefumba mdomo. Alibembelezwa, akataniwa, wapi! Uso wa aliyemlisha ulikuwa ule ule wa pacha wake, sauti ile ile, lakini mkono si ule.

"Nimeshindwa," alisema msomi, machozi yakimlengalenga. "Sijui huwa unamfanyaje."

Mama Mikate mwenyewe hakujua. Aliweka begi chini, akachukua kijiko. Mdomo ukafunguka hapo hapo, na yeye akauchukia kwa moyo wake wote, huku akipuliza supu ipoe.