Mayai ya Kobe Niliyolowesha Kama Muhogo

Mimi nilianza na baiskeli moja hapa Kasongo, leo niko na duka. Mutu wa kunifundisha kazi hakuna, ndivyo nilivyofikiri. Nilipopata mayai ya kobe wa muto, nilimwita baba mukwe kutoka Kabambare aje aone yakipasuka. Kobe wa kwanza angekuwa wake.

Muke wangu, aliyekulia kando ya muto, alinionya: "Baba Zaina, muchanga wa kufukia mayai uwe na unyevu tu. Ukiufinya, maji yasitoke."

Nikacheka. Kama unyevu kidogo ni muzuri, maji mengi si muzuri zaidi? Nikajaza beseni maji, nikatia mayai, nikafunika kwa majani ya ndizi, sawa na mama zetu wanavyolowesha muhogo.

Baba mukwe alifika na pikipiki, matope mpaka kwenye kofia. Majirani walijaa uani. Nikajisifu kwanza, kisha nikafunua beseni.

Harufu iliwarudisha wote nyuma. Muzee peke yake aliinama, akabonyeza yai, likapasuka mukononi mwake. Muke wangu akaficha uso ndani ya kitenge.

Muzee akajipangusa kidole polepole. "Mukwe," akaniuliza mbele ya watu wote, "muhogo yako imeshalainika. Bugali tunakula saa ngapi?"